Jinsi ya kupakia pikipiki kwenye kirikuu, kenta au fuso ifike nzima (wa Mwanza na kandokando ya ziwa)

Watu wengi wananunua pikipiki mjini Mwanza alafu inatakiwa iende Geita, Magu, Ukerewe na kwingineko, na sio kila mtu anataka kuiendesha njia yote. Mwingine haina namba bado, mwingine injini imekufa anaipeleka kwa fundi anaemuamini, mwingine ni mpya kabisa hataki kuikimbiza kabla injini haijazoea. Basi unatafuta gari. Hapo ndo shida inapoanza, maana suka (dereva) na tingo (msaidizi) wake wamezoea kupakia magunia na pikipiki kwao ni gunia tu lenye usukani, inalazwa juu ya viroba, kamba moja inapitishwa kwenye siti, haya twende. Inafika tanki lina bonde, kioo hakipo, petroli imeingia kwenye mchele wa mtu na kelele ni zako.

Kabla ya yote shika hili moja: pikipiki isafiri imesimama kwa tairi zake mbili na kamba ziivute kwenda CHINI na MBELE mpaka shokapu zikae kidogo. Wengi wanafunga ili isianguke, yaani kamba inasubiri pikipiki ianze kuinama ndo iikamate, na mpaka hapo kamba ishapata mwanya na kila tuta linauongeza. We funga ili ibanwe. Ikishabanwa kwenye sakafu ya gari inakuwa kitu kimoja na gari.

GARI GANI

Kirikuu, ile pikap ndogo, inatosha kwa pikipiki moja, hizi Boxer na TVS zina kilo mia na kitu tu kwahiyo uzito sio tatizo, tatizo ni urefu. Bodi ya kirikuu kwa ndani ina kama mita 1.9 na pikipiki nyingi zinagonga mita 2, kwahiyo ukiiingiza imenyooka mlango wa nyuma haufungi. Usikubali waache mlango wazi tairi ya nyuma ikining'inia. Ikae mshazari, tairi ya mbele iingie kwenye kona nyuma ya kichwa cha gari, ya nyuma iende kona ya pili. Kona yenyewe inakusaidia maana tairi inashikwa pande mbili haiwezi kukata kushoto wala kulia.

Pikap na kenta hazina shida ya urefu. Fuso ni nzuri ila bodi iko juu sana, kuipandisha ni kazi, alafu mara nyingi unashea na mizigo ya watu, so mwambie suka mapema kwamba unataka nafasi ya mbele kabisa kwenye ubao wa kichwa na hakuna kupakia kitu juu yake. Hilo muelewane kabla ya bei, ukisema baadae utaambiwa mzigo ushapangwa. Na kama gari limetoka kushusha dagaa au samaki, sakafu ina mafuta na maji ya barafu, omba wamwage mchanga au watandike magunia makavu kwanza. Tairi ya pikipiki kwenye bati lenye mafuta ya samaki inateleza na hata wewe unaeisukuma unateleza.

Kwa mwenye tela la kuvuta nyuma ya gari: pikipiki ikae katikati ya upana na uzito uegemee mbele kidogo ya ekseli. Ukiusogeza nyuma tela linaanza kuyumba ukifika spidi na likishaanza kuyumba kulirudisha ni majaliwa.

VITU VYA KUWA NAVYO

Beliti za racheti nne, zile nyembamba za kukazia mizigo, maduka ya spea za magari wanazo. Ukikosa, kamba nne nzuri, narudia NNE, sio moja ndefu inayozunguka kila kitu, maana hiyo ikilegea sehemu moja imelegea kote. Kamba ya manila hizi za plastiki ni ngumu ila inateleza kwenye fundo, inabidi ufunge mafundo ya ziada. Ya katani inashika fundo vizuri ila ikilowa na kukauka inabadilika, asubuhi imekaza mchana imelegea, na huku kwetu mvua ya ziwa haina adabu.

Mipira ya tyubu. Najua bodaboda wote wanaiabudu, na ni kweli kwa kreti la soda kwenye keria haina mpinzani, ila usifungie pikipiki nzima kwa mpira. Mpira unavutika. Gari likipiga tuta pikipiki inaruka, mpira unaenda nayo, inarudi, inaruka tena, mwisho imelala. Mpira una kazi yake, nitaisema.

Vingine: mbao ya kupandishia, magunia au matambara ya kuweka kamba inapogusa rangi, vipande viwili vya mbao vya kuzuia tairi, na viatu. Usipakie pikipiki na ndala.

ANDAA PIKIPIKI YENYEWE

Toa vioo vyote viwili, spana moja tu dakika mbili, vioo ndo vya kwanza kuvunjika. Toa na chochote kinachoning'inia, koti la siti, mwavuli, kisanduku.

Petroli usijaze, iache robo au chini, na funga koki ya mafuta. Kama pikipiki imetoka kuendeshwa subiri bomba la moshi lipoe kabisa, kamba ya plastiki ikigusa bomba la moto inayeyuka na hutajua mpaka ikatike. Jaza upepo tairi zote. Watu wanasema punguza upepo ili isidunde, hapana, tairi ikiwa na upepo mdogo au ina pancha inayovuja polepole pikipiki inashuka na kamba zote nne zinalegea kwa pamoja, umeona hatari hiyo?

USUKANI USIUFUNGE LOKI. Mtu anafunga loki anachomoa ufunguo anaona kaweka usalama. Ukifunga loki usukani umekata upande mmoja, sasa ukivuta kamba kushoto na kulia mvuto haulingani na nguvu yote inaenda kwenye kile kipini kidogo cha loki, kinavunjika. Usukani unyooke, ufunguo uwe mfukoni mwako wewe sio kwa tingo.

Piga picha. Kila upande, namba ya chesesi, tanki, taa. Na uwe na kadi au kopi yake pamoja na karatasi ya mauziano, trafiki akikuta pikipiki haina namba iko juu ya gari atauliza, na ni haki yake kuuliza.

KUPANDISHA

Huku Mwanza tuna bahati moja, hakuna mtaa usiokuwa na mwinuko. Kabla hujahangaika na mbao tafuta sehemu gari linaweza kurudi nyuma mpaka bodi ikae sawa na ardhi, ukingo wa barabara, kijilima, jukwaa la kushushia mizigo kwenye ghala. Mtu wa Igogo au Mabatini akikosa mwinuko basi hajatafuta. Hapo unaisukuma tu inaingia kama unaiingiza ndani ya nyumba.

Ukikosa, ni mbao. Mbao iwe mbili kwa nane, ndefu, futi kumi au kumi na mbili, usilete kipande cha futi sita maana kinasimama wima mno, pikipiki ikifika juu tumbo lake linakaa kwenye ukingo wa bodi, tairi ya mbele hewani ya nyuma kwenye mbao, haiendi wala hairudi. Mbao ndefu ikipinda katikati weka jiwe au tofali chini yake, mawe hapa sio ya kununua. Alafu IFUNGE mbao kwenye gari. Hii watu wanairuka kila siku. Tairi ya nyuma ikianza kupanda inaisukuma mbao kurudi nyuma, ikichomoka pikipiki inadondoka na wewe uko pembeni yake. Kamba fupi tu kutoka kwenye mbao hadi kwenye ndoano ya bodi inamaliza hiyo hadithi.

Gari lizimwe, liwe kwenye gia, handibreki juu, jiwe kwenye tairi.

Watu watatu ndo sawa. Mmoja kushoto kwa pikipiki ameshika usukani, mkono wa kulia uko kwenye breki ya mbele, huyo ndo bosi anaesema nenda na simama. Wa pili nyuma anasukuma kwenye keria. Wa tatu upande wa kulia anashika siti isiinamie huko. Wanaosukuma wasisimame katikati ya njia ambayo pikipiki itarudia ikiwashinda, wakae pembeni kidogo. Na mwenye usukani aandaliwe pa kukanyaga, kreti gumu au mbao ya pili sambamba, kwasababu pikipiki ikifika juu yeye bado yuko chini na usukani umekuwa kichwani kwake, hapo ndo inapomponyoka.

Kuna vijana wanapanda juu ya siti wanawasha wanapandisha kwa mwendo. Mi nimeona wanafanikiwa na bado nasema usifanye. Mbao ina upana wa kiganja na kidogo, ukiyumba hakuna pa kuweka mguu, unashuka na pikipiki juu yako. Kama injini inafanya kazi na mnataka msaada wake, washa, tembea pembeni, gia namba moja, klachi nusu, polepole, mwingine nyuma bado ameshika.

KUFUNGA, hapa usiwe na haraka

Suka atakwambia "tushachelewa kaka". Mwache aseme.

Sogeza tairi ya mbele iguse kabisa ubao wa mbele au kona. Weka gia namba moja. Breki ya mbele ikamate na ule mpira wa tyubu, zungusha kwenye leva na grip mpaka ikaze, hii ndo kazi ya mpira niliyosema. Stendi ndogo ishuke kwa muda tu wakati mnapitisha kamba, baadae INARUDI JUU, na stendi kubwa usiitumie kabisa. Sababu ni kwamba ukiibana pikipiki chini ikiwa juu ya stendi uzito wote pamoja na mvuto wa kamba unaenda kwenye kile chuma kimoja, stendi inapinda, au inatoboa sakafu, au gari linapiga breki pikipiki inachomoka mbele, stendi inajikunja na kamba zote zimelegea sentimita kumi kwa mpigo.

Kamba za mbele ndo zenye kazi kubwa. Pa kushika sio kwenye grip za usukani, huko kwenye ncha usukani unapinda na unazunguka. Tafuta kile chuma kinachoshika shokapu mbili za mbele pamoja, chini ya usukani juu ya taa, pitisha kamba hapo, moja kushoto moja kulia, isiguse waya za taa wala bomba la breki kama ni ya diski. Zipeleke kwenye ndoano za bodi mbele na nje, yaani ukisimama mbele uzione zinatanuka kama miguu ya mtu aliyesimama imara. Zikienda wima sana haziizuii kuinama, zikilala sana haziibani chini. Katikati ya hapo, kama digrii 45.

Sasa mtu mmoja akae juu ya pikipiki au aegemee usukani kwa uzito wake, shokapu zishuke, na wawili wavute kwa pamoja. Kidogo kushoto, kidogo kulia, kushoto, kulia. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho ndo uende wa pili pikipiki itakaa imeinama. Simama nyuma uangalie, usukani umenyooka? Tanki liko sawa? Shokapu ishuke kama theluthi ya safari yake, usizidishe nusu. Ukiikandamiza mpaka mwisho oili sili (mipira inayozuia oili isitoke) zinaumia na unafika oili inachuruzika kwenye shokapu, alafu tena kwenye shimo haina pa kushuka kwahiyo kishindo chote kinaenda kwenye fremu na kwenye kamba.

Kwa wasio na racheti kuna fundo la madereva: funga ncha moja kwenye pikipiki, katikati ya kamba piga kitanzi kidogo, ncha ya pili ipitishe kwenye ndoano ya gari, irudishe juu ndani ya kile kitanzi, alafu vuta kwenda chini. Utashangaa nguvu unayopata, mtu mmoja anakaza kuliko wawili wanaovuta kavu. Bana pale kwenye kitanzi kwa kidole isirudi, piga mafundo mawili, mkia uliobaki uzungushe na ufunge, usiuache unapepea ukaingia kwenye tairi ya gari.

Kamba za nyuma: kwenye fremu chini ya siti, au vile vyuma vya keria kama keria yenyewe ni nzima haijachomelewa chomelewa, moja kila upande, kwenda chini na nyuma kidogo. Hizi zinazuia mkia usirukeruke na usihame, hazihitaji kukazwa kama za mbele. Usifunge kwenye indiketa, usifunge kwenye bomba la moshi, usifunge kwenye spoki. Kila kamba inapopita kwenye ukingo wa bati weka kipande cha tyubu au gunia, bati la bodi lina makali na safari nzima linasaga. Kwenye tanki pia, kamba isiguse rangi, vumbi likiingia katikati inakuwa msasa.

Weka zile mbao mbili mbele na nyuma ya tairi ya nyuma. Rudisha stendi juu.

Kipimo: shika keria ya nyuma utikise kwa nguvu. Gari zima likitikisika na pikipiki umemaliza. Pikipiki ikitikisika peke yake gari limetulia, rudi kwenye kamba za mbele.

Kama ni nyingi kwenye fuso zipange kichwa na mkia, usukani wa hii upande wa mkia wa ile, zisisugane, na kila moja iwe na kamba zake kwenye gari. Kuzifunga zenyewe kwa zenyewe tu ni kuhakikisha zinaanguka zote.

NA WAKIKULAZIMISHA ILALE?

Wakati mwingine hakuna gari lingine. Basi toa petroli yote, sio kufunga koki tu, mwaga na iliyobaki kwenye kabureta. Betri ikiwa ya maji itoe usafiri nayo mkononi imesimama, maji yake ni asidi yanakula rangi na nguo za watu. Ilaze juu ya godoro au magunia laini, funga isisogee, na ukifika isimamishe uiache muda mzuri kabla ya kuwasha, oili ilikuwa imehama huko ndani. Angalia oili kwanza.

NJIANI

Kamba mpya zote zinalegea mwanzoni, hata ufunge vipi, zinajipanga. Kwahiyo simamisha gari mapema. Ukielekea Musoma simama Kisesa, usisubiri Magu, matuta yameshaanza. Ukielekea Shinyanga au Geita simama Usagara, pale mnapoachana njia. Kaza, tikisa, ondoka. Alafu kila mkisimama kwa chai au trafiki, mkono kwenye kamba.

Wa Sengerema na Geita siku hizi mnapeta, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 ni kupita tu zile kilometa 3 juu ya maji, zamani ilikuwa foleni ya kivuko na kushuka na kupanda mlango wa chuma. Ila juu ya daraja upepo wa ziwa ni wa pembeni na pikipiki kwenye kirikuu imesimama juu, kama umeifunika turubai hakikisha limebana, turubai linalopepea linavuta kamba. Mi bora niiache wazi.

Wanaoenda Ukerewe kivuko kiko palepale, iwe mnapanda hapa mjini hadi Nansio au mnazunguka Bunda mpaka Kisorya mnavuka kwenda Rugezi. Angalia kamba za NYUMA kabla gari halijaingia, maana linaposhuka kwenye mteremko wa gati kichwa kinaenda chini alafu ghafla kinapanda mlango wa kivuko, mzigo unarudi nyuma kwa nguvu. Ukiwa ndani kaza tena. Kama unavusha pikipiki peke yake bila gari, usiiache kwenye stendi ukaenda kukaa juu kupiga stori, ifunge kwenye reli sehemu mbili, chini na juu, sakafu ya chuma ikilowa stendi inateleza. Mitumbwi ya mizigo ya kwenda visiwani mi siipakii pikipiki, sijali bei.

KUSHUSHA

Kinyume cha kupandisha, na watu wanaumia zaidi hapa kwasababu wamechoka. Stendi ndogo chini kwanza, mtu ashike usukani kabla kamba yoyote haijaguswa. Legeza za nyuma, alafu za mbele kidogo kidogo pande zote mbili, shokapu zikiwa zimebanwa zina nguvu, ukiachia ghafla usukani unaruka usoni kwako. Mbao ifungwe tena.

Stendi juu, teremsha kwa nyuma, injini imezimwa, gia namba moja. Klachi ndo breki yako hapo: ukiibana inashuka, ukiiachia tairi ya nyuma inakamata. Breki ya mbele peke yake haitoshi maana uzito wote uko nyuma. Mmoja anakaa pembeni nyuma anaizuia.

Ikishagusa ardhi usimlipe suka hela ya mwisho bado. Futa shokapu za mbele kwa kidole, ina oili? Zungusha usukani kushoto kulia, angalia tanki, stendi, taa, fananisha na zile picha ulizopiga. Fungua koki, subiri kidogo, washa.